JICHO LA KINA MAMA
Historia fupi ya jengo letu na mtu tuliyemwajiri alisimamie

Imeandikwa na Mwenyekiti wa Kikundi

  

Kamati ya kijitabu iliniomba niandike habari za jengo letu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia pale kalamu itakapopinda. Wengi mmeliona jengo, mmeingia ukumbini, na watoto wenu wanalelewa katika kile chumba cha upande wa mashariki. Sasa kusifia rangi na mabati kuna faida gani? Nitaandika jambo moja ambalo wageni hawalioni wakija hapa, nalo ni yule mtu tuliyemlipa ili aangalie. Hakubeba tofali hata moja, lakini bila yeye leo tungekuwa na boma la nyufa. Nitaandika na kosa langu pia, maana historia yenye sifa tupu si historia.

TULIKOTOKA

Sie tuliokulia huku mkoa wa Tanga tunajua msaragambo. Mbiu ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Barabara, kisima, shule, vyote vilijengwa hivyo. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilisema kila mtoto wa Tanzania aende shule, na mwaka 1977 mpango ule ukaanza kwa nguvu. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1978. Mama zetu walibeba maji na mchanga kichwani, baba zetu wakapanga mawe, na sisi watoto tukaokota kokoto. Wakati ule hakuna aliyeuliza nani anamsimamia fundi. Fundi alikuwa jirani, na wenye shule walikuwa pale pale wamemzunguka. Akikosea alisikia kelele saa hiyo hiyo.

Baadaye mambo yakabadilika, pesa ikaingia. Mpango wa MMEM wa mwaka 2002 hadi 2006 ulileta fedha kwenye akaunti za shule, na kamati za shule zikaanza kushika bili na stakabadhi. Na mwaka 2021 mliona wenyewe, serikali ilipotoa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa wakati wa korona, na ndani yake madarasa 15,000 yakajengwa nchi nzima kwa mtindo wa fosi akaunti. Kwenye mtindo huo kuna kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Anayenunua siye anayepokea, na anayepokea siye anayejenga. Kwa nini serikali iliweka tatu? Kwa sababu pesa ikishaingia, macho ya jirani hayatoshi. Jirani anaona ukuta umepanda, haoni kilichomo ndani ya ukuta.

Hilo sie hatukulijua. Tulilijua baada ya kuumia.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 chini ya mwembe. Mtindo wetu ni ule wa vikoba. Mwalimu aliyetufundisha alituambia mtindo huu ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991, kwa shirika la CARE, na wanawake wa kule waliuita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingia kwetu kupitia Zanzibar. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 tukajisajili halmashauri kama wenzetu.

Wote mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti hana hata ufunguo mmoja. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, na daftari linasomwa kwa sauti. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa pesa za hisa na mikopo hatukuwahi kupoteza hata shilingi mia.

Kumbe tulipoanza kujenga, tuliitoa pesa kwenye sanduku la kufuli tatu tukaimwaga kwenye kiwanja kisichokuwa na kufuli hata moja.

MSINGI WA KWANZA

Kijiji kilitupa kiwanja. Tulikubaliana jengo lisiwe la biashara. Liwe ukumbi wa mikutano wa kina mama, na chumba cha kulelea watoto wadogo ili mama akienda sokoni au shambani mtoto asibaki peke yake. Pesa ilitoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, nyongeza ya kila wiki, na michango ya marafiki zetu.

Fundi wa kwanza nilimleta mimi. Ni mtoto wa dada yangu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema, "Huyu namjua, nimemlea, nitamdhamini." Mweka hazina wetu aliuliza kama amewahi kujenga jengo la watu wengi, nami nikamjibu kwa ukali kidogo. Basi akanyamaza, na mkutano ukapita.

Kilichotokea mnakikumbuka. Mchanga ulichotwa mtoni karibu na mashamba, ukaja na udongo wake. Matofali yalifyatuliwa kwa pupa, mfuko mmoja wa simenti ukatoa matofali mengi mno, yakaachwa juani bila kumwagiliwa maji. Kila Jumamosi tulikwenda kutazama, tukaona kazi inaenda, tukapiga vigelegele, tukampa pesa nyingine. Mvua za masika zilipokuja, kona ya nyuma ilititia na ukuta wa msingi ukapasuka. Mama mmoja wetu, muuza dagaa, aliokota kipande cha tofali akakivunja kwa mkono mbele ya mkutano, kikamwagika kama unga wa sembe. Hakusema neno, alikaa tu chini.

Wanachama wawili waliondoka kikundini siku ile. Sikuwalaumu. Pesa yao ilikuwa mle ndani ya tofali.

UBISHI WA MKUTANO

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Mlezi wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyeleta wazo. Alisema tutafute mkandarasi aliyesajiliwa, na mbali na mkandarasi tumwajiri mtu wa upande wetu, msimamizi wa mwenye jengo, ambaye kazi yake ni kuwa kiwanjani kwa niaba yetu.

Watu waliguna. Mama mmoja alisema, "Tumeshapoteza msingi, sasa tumlipe mtu wa kusimama kivulini atutazamie?" Mwingine akasema sisi tuko wengi, tutapeana zamu. Wa tatu akasema mkandarasi akisajiliwa inatosha, serikali imeshamwangalia.

Mlezi alijibu hoja moja moja. Kuhusu zamu alisema, "Mtakwenda kutazama, lakini mtatazama nini? Hata ule msingi mliutazama kila Jumamosi." Hapo tulinyamaza. Kuhusu usajili alisema ni kweli, tangu mwaka 1997 kuna sheria na bodi ya usajili wa makandarasi, na bila usajili tusimguse mtu. Lakini usajili unakwambia mtu ni nani, haukwambii leo saa nne ametia ndoo ngapi za mchanga. Akatukumbusha Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Letu ni la chini tu, alisema, lakini watakaolala mle mchana ni watoto.

Akatuchekesha pia. Alisema kazi hii ni ya zamani mno. Uingereza, mwaka 1389, mfalme Richard II alimweka Geoffrey Chaucer, yule mtunzi maarufu wa mashairi, awe msimamizi wa majengo yake, ahesabu mawe na mbao na alipe vibarua. Mwaka 1390 wanyang'anyi wakamvamia wakampora pesa za mfalme. Mama mmoja akadakia, "Basi wa kwetu asishike pesa!" Tulicheka, lakini neno lile liliandikwa kwenye muhtasari, na likawa sharti letu la kwanza.

TULIVYOMTAFUTA

Walikuja watu watatu.

Wa kwanza aliletwa na mkandarasi mwenyewe, tena bure. Mkandarasi alisema, "Kina mama, msijisumbue, huyu nitamlipa mimi." Ilituvutia sana, maana bure ni tamu. Mweka hazina akauliza swali moja tu: "Siku akiona kosa lako, atamwambia nani?" Anayelipwa na fundi ni wa fundi. Tulikataa kwa heshima.

Wa pili alikuwa na elimu kubwa na maneno mazuri. Alitaka alipwe asilimia ya gharama yote ya jengo. Wapo wanaolipwa hivyo na wanafanya kazi vizuri, simlaumu. Lakini sie tulipiga hesabu ya kijijini: gharama ikipanda, malipo yake nayo yanapanda. Sasa nani atatusaidia kubana matumizi? Tukamshukuru.

Wa tatu alikuwa mzee, fundi sanifu mstaafu. Hakuja na makaratasi mengi. Alituambia, "Twendeni mkaone." Akatupeleka kwenye choo cha shule aliyoisimamia miaka mingi iliyopita. Naam, choo! Kuta zimenyooka, sakafu haina ufa. Alisema jengo la ofisi kila mtu hulijenga vizuri kwa sababu wakubwa watalikagua, ukitaka kumjua msimamizi angalia choo. Kisha akatuuliza yeye maswali. Mchoro upo? Kibali cha halmashauri kipo? Nikisema kazi isimame, nani ataniunga mkono? Nikikosea mimi, nani ataniambia?

Tuliona huyu ndiye. Tukampa jina la Jicho, na mpaka leo wajukuu wanamwita Mzee Jicho.

Mkataba wake ulikuwa wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ukasomwa kwa sauti mara mbili ili hata asiyejua kusoma aelewe. Malipo yake ni ya mwezi, hayapandi wala hayashuki. Hagusi pesa wala hanunui vifaa. Habadilishi mchoro, ila akiona shaka anamwita aliyeuchora. Ana uwezo wa kukataa vifaa na kusimamisha kazi kwa siku moja, kisha kamati inakaa na kuamua. Mkandarasi halipwi mpaka Jicho aweke sahihi kwamba kazi imefanyika, na mama wawili wa kamati waweke zao. Hizo sahihi tatu ndizo zilikuwa kufuli tatu za jengo.

KAZI YA JICHO

Mzee alifika saa moja asubuhi kabla ya mafundi, na daftari kubwa jeusi. Aliandika hali ya hewa, idadi ya vibarua, simenti iliyoingia na iliyotumika, na mifuko mitupu aliihesabu jioni. Alisema mfuko mtupu hauwezi kusema uongo.

Alitufundisha na sisi, na hilo hatukulitegemea. Mchanga ukifika, alichukua chupa ya kioo, akatia mchanga nusu, maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha itulie. Mchanga hukaa chini, udongo hukaa juu kama mkanda. Mkanda ukiwa mnene, lori linarudi na mchanga wake. Yule mama muuza dagaa ndiye akawa mkuu wa chupa. Malori mawili aliyarudisha yeye mwenyewe, na madereva wakamwogopa.

Kwenye kupima kona alitumia kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kutoka ncha hadi ncha lazima ipatikane mita 5 kamili. Isipopatikana, kona imepinda. Kwenye zege ya jamvi alihesabu ndoo, simenti 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji alikuwa mchoyo nayo kuliko simenti. Mafundi hupenda maji mengi kwa sababu zege inakuwa laini kumwaga, lakini ikikauka inakosa nguvu. Halafu zege ikishashika, ndipo anataka imwagiliwe kila siku, maana huendelea kukomaa, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Tulipeana zamu ya kumwagilia asubuhi na jioni, tukiwa na ndoo kichwani kama mama zetu kwenye ule msaragambo. Safari hii tulijua tunamwagilia kwa nini.

SIKU KAZI ILIPOSIMAMA

Tulipofika kwenye linta, nondo zilizoletwa zilikuwa nyembamba kuliko za kwenye mchoro. Mzee alizipima, akaandika daftarini, akasimamisha kazi. Mkandarasi alikasirika. Alisema tofauti ni ndogo, vibarua wapo na lazima walipwe, na kina mama wenyewe wana haraka ya kupaua kabla ya mvua. Kweli tulikuwa na haraka.

Usiku ule mkandarasi alikuja nyumbani kwangu. Alikuja kwa adabu, na doti ya khanga nzuri na kilo tano za sukari. "Mama Mwenyekiti," aliniambia, "wewe ndiye mkubwa pale. Mwambie mzee alegeze kidogo." Sitawaficha, nilikaa na ile khanga mapajani muda mrefu. Niliukumbuka msingi wa kwanza. Wakati ule hakuna aliyeniletea khanga, nilijihonga mwenyewe kwa mapenzi ya ndugu. Matokeo yakawa yale yale.

Asubuhi niliibeba khanga na sukari nikaviweka mezani mbele ya kamati, nikasema vimetoka wapi. Mkandarasi aliitwa akavichukua. Hatukumfukuza wala hatukumtukana, tulimwambia tu nondo zibadilishwe, na kama kuna hasara ya siku tatu tuongee. Zilibadilishwa. Nasema haki yake: baada ya siku ile alifanya kazi nzuri mpaka mwisho, na leo tukisalimiana tunacheka.

Nilipata la kuniuma upande mwingine. Nilipokubali kuandika kwamba msingi wa kwanza uliharibiwa na mtu wangu, dada yangu hakunisemesha mwaka mzima. Mwanawe lakini alikuja mwenyewe, akaomba kazi ya kibarua chini ya Mzee Jicho. Alibeba zege, akaangalia, akajifunza. Siku hizi ana chupa yake ya kupimia mchanga. Dada naye tumerudiana, ingawa si kama zamani.

HESABU

Mtauliza, je, ililipa? Daftari lipo kwa katibu, kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma. Kwa kifupi, katika kila shilingi mia ya jengo, kama shilingi nne zilikwenda kwa Mzee Jicho. Msingi wa kwanza tulioubomoa ulikula zaidi ya malipo yake yote. Na mwishoni tulizuia asilimia 5 ya pesa ya mkandarasi mpaka masika yapite. Bati moja lilivuja na mlango mmoja ukavimba, akaja akatengeneza haraka, ndipo akapewa pesa yake.

YA KUWAACHIA WALIO NYUMA YETU

Mabinti zetu nao watajenga. Pengine zahanati, pengine ghala la mahindi. Nawaachia haya machache:

1. Msimamizi mwajirini kabla ya fundi, wala msingoje ufa utokee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sie tuliujenga kweli.

2. Alipwe na ninyi, malipo ya kueleweka, na asishike pesa.

3. Msimchague kwa undugu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hana shangazi wa kumwonea haya.

4. Mkishampa uwezo wa kusema simama, akisema simama msimame naye, hata kama mvua iko mlangoni.

5. Naye aangaliwe. Daftari lake lisomwe kila wiki. Hata jicho huingia mchanga.

Mzee Jicho sasa amechoka, miguu inamsumbua, lakini siku ya sherehe ataketi mbele pamoja na mlezi. Mkipita kumpa mkono, msimwulize habari za rangi wala mabati. Mwulizeni habari za choo cha nyuma ya ukumbi. Alikisimamia kwa mkono wake, na hakina ufa.

Kikundi chetu kidumu, na umoja wetu udumu.

Wenu katika maendeleo,
Mwenyekiti